Pua ya Serikali na Wiski za Wamarekani

Katika Jamhuri ya Shwari, nchi ambayo kila raia ana furaha kwa mujibu wa Katiba, aliishi mtumishi mmoja wa umma ambaye hajawahi kusema uongo wala kunywa pombe, na kwa sababu hiyo watu walimwogopa sana. Jina lake Elikana Nditi. Cheo chake kilikuwa kirefu kuliko kibao cha mlangoni pake, kwa hiyo fundi wa maandishi alipofika ukingoni aliacha tu: “Mkurugenzi wa Idara ya Kutokomeza Kabisa Vileo Haramu Visivyo na”. Visivyo na nini, hakuna aliyeuliza, na kazi iliendelea.

Idara ile haikuwa na maabara. Maabara iliahidiwa na waziri aliyemtangulia waziri aliyemtangulia huyu wa sasa, na jiwe la msingi lipo mpaka leo, mbuzi wanalipanda. Badala yake Idara ilikuwa na pua ya Bwana Elikana. Ilikuwa pua ndefu, yenye staha, na ilitangazwa katika Gazeti la Serikali kuwa, pamoja na matundu yake yote mawili, ni chombo halali cha kupimia. Akishanusa kidhibiti mahakamani na kutamka “Gongo,” hakimu alikuwa anaandika hukumu kabla shahidi hajaketi.

Gongo ya Shwari ilipikwa kwa mahindi. Wananchi waliiita shika-ukuta, kwa namna ilivyowapeleka nyumbani. Sheria ilisema ni kosa kupika, kuuza, kunywa au kusifia kinywaji chochote kikali cheupe kitokanacho na mahindi, kwa sababu mahindi ni chakula cha taifa na hayapaswi kufurahiwa. Bwana Elikana aliiamini sheria hiyo kwa moyo wake wote. Kila mwisho wa mwezi aliimwaga gongo iliyokamatwa katika mtaro wa Uwanja wa Utiifu mbele ya wanafunzi wa shule, naye hakushangaa kamwe kwa nini mtaro ule ulikuwa na vyura wachangamfu kuliko mitaro mingine.

Basi jioni moja pua yake ilinasa harufu, akaifuata kichochoro hadi kichochoro, na ilipokoma akajikuta yuko mlangoni kwa shemeji yake Kalunde, dada mkubwa wa mkewe. Kule uani moshi ulikuwa unapanda, na mama huyo, mjane mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, alikuwa amechuchumaa akipuliza moto chini ya pipa.

“Shemeji, karibu,” Kalunde alisema bila kugeuka. “Au umekuja kikazi?”

Elikana alisimama pale na kofia mkononi. Angeweza kugeuza. Hakuna aliyemwona akiingia. Aliangalia moto, akaangalia kofia yake yenye nembo ya taifa, kisha akapuliza filimbi yake ya kuita polisi.

Tangu siku hiyo Kalunde alikaa rumande akisubiri kesi, na Mboni, mke wa Elikana, hakusema naye tena. Alimpikia, akampakulia, akafunika, halafu akafungulia redio kwa sauti kubwa ili hata ukimya wenyewe usipate nafasi ya kusikika.

*

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani kama kusingetangazwa ugeni. Chama cha wakulima wa mahindi kutoka Marekani kilikuwa kinakuja Shwari, na kilikuwa kimesema kwamba kikipendezwa kitajenga maghala nchi nzima. Kama zawadi kilitanguliza sanduku la wiski za kwao, zote zikiwa zimetokana na nafaka zao, pamoja na ombi moja la heshima: kwenye chakula cha jioni Ikulu, wenyeji waseme ni ipi waliyoipenda zaidi, na kwa nini.

Swali hilo liliitikisa Serikali. Kusema kwamba zote ni nzuri kungeonekana ni uvivu. Kuchagua moja bila kujua kungeweza kuwaudhi wenye nyingine, na maghala yakaenda nchi jirani. Mtukufu Rais mwenyewe alikuwa amekatazwa vileo na daktari wake, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa balozi mahali penye theluji.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuonja na Kulinganisha Wiski za Marekani. Siku ilipotangazwa, mawaziri waliokuwa wakitibiwa nje walipona wakarudi. Askofu mmoja aliandika kueleza kuwa ujana wake ulimpa uzoefu. Wabunge walitaka uwakilishi wa kila mkoa, na mkoa wa milimani ukadai viti viwili kwa sababu ya baridi.

Mtu wa kuyamaliza hayo alikuwa Katibu Mkuu Kiongozi, Bwana Sadoki Mtwale, mzee mnene mwenye sauti ya upole ambaye hajawahi kuonekana akikasirika wala akisahau. Alimwita Elikana ofisini kwake, akamkaribisha chai.

“Bwana Elikana, Mtukufu amekuteua uwe mwenyekiti wa Kamati ya wiski.”

Elikana alidhani amesikia vibaya. “Mheshimiwa, mimi sijawahi kuonja kileo chochote tangu nizaliwe.”

“Ndiyo maana. Wenzako wote wana upendeleo. Huyu anajulikana kwa hiki, yule kwa kile. Wewe peke yako huna historia.” Akamsogezea sukari. “Na isitoshe, ukiwepo wewe, chupa zitafika mwisho wa kikao zikiwa na kitu ndani.”

“Lakini imani yangu, Mheshimiwa…”

“Utatema. Tumenunua ndoo.”

*

Kikao kilifanyika Ikulu, katika ukumbi wenye mapazia mazito kama mablanketi ya hospitali. Katibu Kiongozi alikaa pembeni na kalamu yake. Wajumbe wengine walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Waziri wa Maji, Profesa Mangasini, aliyechaguliwa kwa hoja kwamba wiski ni maji kwa sehemu kubwa. Wa pili, Jenerali Shomvi, alichaguliwa kwa hoja kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia hapana.

Mezani palikuwa na vinywaji vinne. Vitatu vilikuwa vya rangi ya kahawia katika chupa za kupendeza. Cha nne kilikuwa cheupe kama maji, katika dumu la kioo lenye mfuniko wa bati, kama la kuwekea achari, na Katibu alikuwa amelisukuma nyuma kidogo kwa kuona kuwa ni la wapishi.

Walianza na boboni, wiski ya jimbo la Kentaki. Karatasi ya wageni ilieleza kwamba imepikwa kwa mahindi zaidi ya nusu, kisha ikalazwa miaka kadhaa katika pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani kwa moto. Profesa Mangasini aliinua glasi kwenye mwanga, akafumba macho.

“Naona,” alisema, “uhusiano wa kimataifa. Naona mwanzo wenye matumaini, katikati yenye changamoto, na mwisho endelevu.”

“Kali,” alisema Jenerali. “Lakini inatii.”

Elikana alishika glasi yake kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Akanusa kwanza, kwa mazoea ya kazi. Kisha akatia tone mdomoni.

Kilichomtokea hakukitarajia. Alingoja moto na aibu, na moto ulikuja kweli, lakini nyuma yake ilikuja sukari iliyoanza kuungua kwenye sufuria, na ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi, na vanila, na mwishoni kitu kikavu kama harufu ya kabati la nguo za marehemu babu yake. Alikuwa amesahau kabisa kabati lile. Akatema ndooni, akabaki ameinama, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

“Mwenyekiti unaumwa?” aliuliza Katibu.

“Hapana. Ina mambo mengi.”

Ya pili ilikuwa wiski ya rai, ile nafaka ndugu ya ngano. Profesa akaona ndani yake mageuzi ya kiuchumi. Elikana akaona pilipili manga, karafuu, na mkate mweusi uliokaushwa. Alisema ya kwanza inakukumbatia na hii inakufinya, na kwamba anadhani ingefaa zaidi kwa mtu anayetaka kubaki macho. Ya tatu ilitoka jimbo la Tenesii. Nayo ni ya mahindi kama ile ya kwanza, ila kabla ya kulazwa pipani huchujwa taratibu katika mkaa wa mti wao wenye utomvu mtamu. Elikana aliiona laini, imeondolewa makali kama ubao uliopigwa msasa, na moshi wake ulikuwa wa mbali, wa moto uliozimwa jana. Aliirudia. Akaomba boboni tena ili ailinganishe nayo. Alikuwa anazungumza haraka, mikono inapepea, na Katibu alipochungulia ndoo aliona kuwa ni mate ya Mwenyekiti tu yaliyomo. Wajumbe wengine hawakuwa wamepoteza hata tone.

“Limebaki hili la wapishi,” alisema Jenerali, akalifungua dumu.

Harufu ilipotoka, mikono ya Elikana ilishuka yenyewe.

Ilikuwa harufu ya mahindi yaliyochachuka, yenye mvuke, yenye utamu wa pumba mbichi. Alikuwa ameifuata vichochoroni tangu aajiriwe. Karatasi ilieleza kwamba hii ni wiski ya mahindi matupu ambayo haijawekwa katika pipa, ndiyo maana haina rangi, na kwamba huko kwao huuzwa madukani na watu huipenda kwa kumbukumbu za mababu.

Jenerali alikunywa. Uso wake, uliokuwa umekaza kwa heshima ya mataifa, ulilegea. Profesa alikunywa, akasahau kufumba macho. Hakusema lolote juu ya uhusiano wa kimataifa.

“Hii,” alisema Jenerali taratibu, “ina uzalendo.”

“Inanikumbusha kwetu,” alisema Profesa, akashtuka. “Yaani, kusoma kwangu ng'ambo.”

Wakanyoosha glasi wote wawili kwa pamoja, kama vifaranga. Kura zilipopigwa, dumu la achari lilishika nafasi ya kwanza bila mpinzani. Hapo Mwenyekiti akasimama.

“Waheshimiwa,” alisema, “hii ni gongo.”

Profesa alikuwa wa kwanza kupona. “Haiwezi kuwa gongo. Ina lebo.”

“Ni kinywaji kikali, cheupe, cha mahindi. Ndivyo sheria inavyosema. Na pua yangu inasema hivyo.”

“Pua yako,” alisema Katibu Kiongozi kwa upole wake, “ni mali ya Serikali, Bwana Elikana. Na Serikali haijasema hivyo.” Akaifunika kalamu yake. “Kesi ya shemeji yako ni kesho, siyo? Nenda kapumzike. Kesho utanusa, utasema kile ni gongo. Hiki cha wageni ni wiski. Vitu viwili. Nchi ina nafasi ya kutosha kwa vitu viwili.”

*

Aliporudi nyumbani Mboni alikuwa tayari ameshika kitufe cha redio. Kisha akanusa. Mkono ukabaki hewani.

“Baba Tuli! Umekunywa?”

“Nilikuwa naonja. Ni kazi ya taifa. Nilitema.”

Mboni alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na Elikana, ambaye hakuwa amesikia sauti hiyo tangu siku ya filimbi, hakujua kama atabasamu au aombe radhi.

“Ikoje?” Mboni aliuliza alipopata pumzi.

Akamweleza. Alimweleza boboni na kabati la babu, na rai inavyofinya, na ile ya Tenesii na moshi wake wa jana. Alisimama katikati ya sebule akionyesha kwa vidole jinsi ladha inavyoanza kwenye ncha ya ulimi na kuishia kooni. Mboni alimsikiliza mpaka mwisho, na hakuwa anacheka tena.

“Miaka yote hii,” alisema, “nakupikia. Hujawahi hata siku moja kuniambia chakula changu kina ladha gani.”

Elikana akaketi, akaifunua sahani aliyowekewa.

“Na hiyo ya nne?”

“Ya nne ni ile ile ya dada yako.”

“Ile ile vipi?”

“Ile ile, Mama Tuli. Ukinifunga macho nitakosea.”

Mboni aliinuka, akakung'uta kanga yake. “Basi kesho kaseme hivyo,” alisema. Akaingia chumbani. Redio hakuiwasha.

*

Mahakamani watu walijaa, maana Kalunde alikuwa na wateja wengi ambao siku hiyo walijitambulisha kuwa ni ndugu. Hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani na mikono kiunoni kana kwamba hakimu ndiye aliyechelewa kufika kwake.

Kidhibiti kililetwa, kikamiminwa katika kikombe. Elikana akanusa. Mwendesha mashtaka, kijana aliyeizoea kazi hiyo, aliuliza swali lake la kila siku.

“Shahidi, kinywaji cha aina hii umewahi kukutana nacho mahali pengine?”

“Ndiyo,” alisema Elikana. “Jana. Ikulu.”

Mwendesha mashtaka aliketi. Kisha akakumbuka kwamba hakuwa amemaliza, akasimama, akaketi tena.

“Naomba nimwulize shahidi,” alisema Kalunde. “Shemeji, huko Ikulu kilikuwa kinafanya nini?”

“Kilikuwa kinanywewa.”

“Na nani?”

“Na Waziri wa Maji na Jenerali Shomvi.” Elikana alikuwa chini ya kiapo, akaona ni vyema kukamilisha. “Jenerali alirudia.”

“Na kipi ni kizuri zaidi, hicho au changu?”

“Pingamizi!” alisema mwendesha mashtaka, lakini hakimu mwenyewe alikuwa ameinama mbele kusikiliza.

Elikana alionja kidogo. Alilifikiria swali kwa haki, kama alivyozoea kufikiria kila swali. “Cha wageni ni safi zaidi kinapoingia. Hiki kina moshi mwingi, nadhani kuni zilikuwa mbichi. Lakini utamu wa hiki unakaa mdomoni muda mrefu zaidi. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningechagua hiki.”

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Hakimu akaahirisha, akaenda chumbani kwake, na simu ya chumbani kwake ikasikika ikilia kabla mlango haujafungwa. Aliporudi alikuwa na jasho juu ya mdomo, na hukumu mkononi.

“Mahakama,” alisoma, “imejulishwa na mamlaka ya juu kwamba kinywaji kilichonywewa Ikulu ni wiski halali ya Marekani na hakiwezi kuwa kitu kingine chochote. Shahidi, ambaye pua yake ni chombo cha kisheria, ameapa kwamba kinywaji cha mshtakiwa ni kile kile. Kwa hiyo kinywaji cha mshtakiwa ni wiski ya Marekani.”

“Basi nimeshinda,” alisema Kalunde.

“Mshtakiwa nyamaza. Mashtaka yanabadilika kuwa kuingiza nchini wiski ya kigeni bila kupitia forodhani.”

“Forodhani mimi sijawahi kufika hata kwa bahati mbaya! Nimepika uani kwangu. Muulize huyo shemeji, alinikuta napuliza moto.”

Hakimu aliisoma karatasi yake, akaigeuza, nyuma palikuwa patupu. Alikuwa peke yake sasa, katikati ya simu na ushahidi, na inasemekana kuwa alijinasua hapo kwa akili zake mwenyewe.

“Mahakama imelizingatia hilo,” alisema hatimaye. “Wiski ya Marekani hupikwa Marekani. Mashahidi wote wamekubaliana kwamba hii imepikwa uani kwa mshtakiwa. Mahakama haina njia ila kuona kwamba uani kwa mshtakiwa ni Marekani. Na mahakama hii haina mamlaka juu ya makosa yaliyotendeka Marekani. Mshtakiwa arudi kwao.”

*

Mtukufu Rais hakuwa mtu wa kuaibishwa na hukumu. Kwenye chakula cha jioni na wageni alisema kwa hotuba ndefu kwamba kinywaji cheupe kimewashinda wenzake kwa uzalendo, kisha akatangaza kwa furaha kwamba Shwari na Marekani, zilizokuwa zimetenganishwa na bahari, sasa zinapakana karibu na choo cha Bi Kalunde. Wageni walipiga makofi huku wakimtazama mkalimani.

Elikana hakualikwa. Alikuwa amesimamishwa kazi kwa kosa la kutumia kifaa cha Serikali bila kibali. Mboni alimpelekea chakula mezani, akaketi naye mkabala, na walikula wakizungumza habari za chumvi.

Mambo ya uani yakaanza kuwa makubwa. Polisi hawakuweza tena kuingia, kwa kuwa ni nchi ya watu. Wizara ya Mambo ya Nje ilichora mstari mweupe kando ya ua wa mabua, ikaweka askari mmoja wa mpakani, ambaye jua likiwa kali alivuka kutafuta kivuli. Wananchi walivuka kila jioni. Mwanzoni walivuka kunywa, lakini baadaye waligundua kwamba upande ule wa mstari mtu anaweza kusema bei ya unga imepanda, na hakuna anayeandika jina lake. Walimu walivuka. Wakunga walivuka. Hata wasiokunywa walivuka, wakaketi juu ya magunia ya mahindi wakasema, wakasema, wakarudi Shwari wakiwa wamechoka na wenye afya.

Mmoja wa wageni, bibi mkulima aitwaye Alma, mrefu, mwenye mikono mikubwa, aliomba apelekwe akaone Marekani hiyo mpya. Mkalimani alimwita Elikana aje kusaidia kwenye ladha. Bibi Alma alionja kutoka kikombe cha Kalunde, akaonja tena.

“Anasema,” mkalimani alifasiri, “nyanya yake aliipika hivi hivi porini, usiku, na alifungwa kwa ajili yake. Anasema ile boboni ya kahawia, ukiiondolea pipa na miaka, ni hii.”

“Mwulize tofauti nyingine ni ipi,” alisema Elikana.

Bibi Alma alifikiri. “Kibali,” alifasiri mkalimani. “Anasema kwao nako kibali kilikuja kwanza, sifa za ladha zikafuata.”

Kalunde alicheka kwa sauti yake ya kuamrisha ng'ombe, akamwongezea mgeni. Kikombe cha shemeji yake alikiacha kikavu. Alikuwa hajamsamehe bado, na hakuona sababu ya kuficha.

*

Wageni walipoondoka, Katibu Mkuu Kiongozi alimwita Elikana kwa chai nyingine.

“Ule uani unatusumbua,” alisema. “Kinywaji si neno. Ila mazungumzo yamezidi. Jana wamejadili bajeti.” Akamsogezea sukari. “Jeshi haliwezi kuingia, itakuwa vita na taifa kubwa. Wanasheria wameona njia moja. Ukienda ukaonja hadharani, ukasema upishi wa yule mama umebadilika, siyo tena ile wiski, ni gongo, basi uani unarudi Shwari hapo hapo, na polisi wanaingia. Wewe unarudi kazini. Tena kibao kipya, kirefu, neno la mwisho litaingia.”

“Na kama haujabadilika?”

“Sikuombi useme uongo. Nakuomba unuse kama mtumishi wa umma.”

Kesho yake magari yalijipanga kwenye mpaka. Profesa Mangasini alikuja kama shahidi, na Jenerali Shomvi alikuja na askari, na kikombe chake mwenyewe. Upande wa pili watu walikuwa wamenyamaza juu ya magunia yao. Mboni alisimama kando ya dada yake. Elikana alivuka mstari mweupe akiwa amevaa kofia yenye nembo, aliyorudishiwa asubuhi ile.

Kalunde alimmiminia. Hakumtazama usoni; macho yake yalikuwa kwenye moto wake.

“Haya, shemeji,” alisema. “Kazi ni kazi.”

Elikana alikipandisha kikombe puani. Harufu ikaja yote: mahindi, mvuke, pumba, na safari hii kuni zilikuwa kavu, moshi umekaa mahali pake. Ilikuwa bora kuliko ya mwanzo. Pengine ilikuwa bora kuliko lile dumu la Ikulu, na alitamani kumwambia mtu hivyo, kwa urefu, kwa mikono miwili. Angejibu kweli kwamba ni ile ile, Katibu angetafuta njia nyingine na pua hii hii ingeitwa tena kesho na keshokutwa mpaka ipatikane siku inayofaa. Alilijua hilo. Alikuwa amefanya kazi serikalini tangu ujana.

Akakinywa chote. Hakutafuta ndoo.

“Bwana Elikana?” alisema Katibu kutoka upande wa Shwari. “Ni nini hicho?”

Elikana Nditi, mtu ambaye hajawahi kusema uongo, alitoa leso mfukoni, akaifunua taratibu, akapenga kwa kishindo mpaka kuku wakatawanyika.

“Mheshimiwa, naomba radhi,” alisema. “Sisikii kitu. Nina mafua.”

Katibu alingoja. Profesa alimtazama Jenerali. Jenerali alikitazama kikombe chake kikavu. Sheria haikuwa imeitambua pua nyingine.

“Yataisha lini?” Katibu aliuliza, na kwa mara ya kwanza watu wakasikia upole ukimpungukia.

“Mafua, Mheshimiwa? Mafua hayasemi.”

Magari yaliondoka, yakiacha vumbi na amri kwamba Waganga Wakuu wote waelekeze nguvu kwenye pua ya Mkurugenzi. Walimfukiza majani, wakampaka marhamu, wakamleta mtaalamu kutoka nje aliyemulika matundu yote mawili kwa tochi na kuandika kwamba hayana tatizo, ripoti ambayo Serikali iliiona ya kizembe. Misikitini na makanisani zilisomwa dua za kitaifa. Elikana aliwashukuru wote kwa sauti ya puani.

Lakini siku ile ile ya magari, vumbi lilipokuwa bado halijatua, Kalunde alimsogelea, akamtazama uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu siku ya filimbi.

“Pole na mafua, shemeji.”

“Ahsante, shemeji. Yananitesa sana.”

Akamvutia gunia, akamwonyesha kwa kidole akae.